Jengo la Mgeni, Mali ya Taifa: Tahakiki ya Kubomolewa kwa Hoteli ya Imperial ya Tokyo

1. Utangulizi

Inapotajwa mali ya utamaduni wa taifa, mawazo ya wengi wetu hukimbilia ngoma, hadithi, vinyago, mavazi na lugha. Majengo hayatajwi mara nyingi, na yakitajwa huwa ni magofu ya kale, misikiti, makanisa na ngome. Hoteli haimo kabisa katika orodha hiyo. Hoteli huhesabiwa kuwa duka la usingizi: mtu hulipa, hulala, akaamka akaenda zake. Tena hoteli kubwa za katikati ya miji, hasa zile za zamani, nyingi zilijengwa kwa ajili ya wageni, na pengine zilichorwa na wageni vilevile. Kwa hiyo siku zinapobomolewa husikika watu wakiuliza: Je, kilichobomolewa kilikuwa chetu?

Katika makala haya tunakusudia kulichunguza swali hilo kwa kuitazama hoteli moja, nayo ni Hoteli ya Imperial iliyosimama katikati ya mji wa Tokyo, nchini Japani, tangu mwaka 1923 hata ilipobomolewa mwaka 1968. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, msanifu wake alikuwa mgeni, Frank Lloyd Wright wa Marekani, na wateja wake wa kwanza waliokusudiwa walikuwa wageni pia. Hivyo swali la nani mwenye jengo linajitokeza waziwazi. Pili, watu walioibomoa hawakuwa wajinga wala maadui wa utamaduni. Walikuwa na hoja, na baadhi ya hoja zao zilikuwa nzito. Tahakiki inayoshinda kwa kuwadharau wapinzani wake haimfai msomaji.

Yafaa tuiseme rai yetu tangu mwanzo. Jengo halipati uenyeji kwa asili ya aliyelichora, bali kwa mikono iliyolijenga na kwa maisha yaliyopita ndani yake. Na taifa lisiloamua mapema thamani ya majengo yake litaamuliwa na bei ya viwanja.

2. Haja ya hoteli ya kwanza

Hoteli tunayoizungumza haikuwa ya kwanza kuitwa jina hilo. Katika miaka ya 1880 serikali ya Japani ilikuwa inapigania kuondolewa kwa mikataba isiyo ya haki ambayo mataifa ya Ulaya na Marekani yaliifunga nayo katikati ya karne hiyo. Viongozi wake, akiwamo Inoue Kaoru aliyeshughulikia mambo ya nchi za nje, waliona kwamba hawatahesabiwa kuwa sawa na mataifa hayo ikiwa hawana hata mahali pa kuwapokea wajumbe wake kwa namna waliyoizoea. Mwaka 1883 ukafunguliwa ukumbi wa karamu na dansi ulioitwa Rokumeikan, uliochorwa na Mwingereza Josiah Conder. Mwaka 1890, jirani na ukumbi huo, ikafunguliwa Hoteli ya Imperial ya kwanza, iliyochorwa na Mjapani Watanabe Yuzuru. Matajiri wakubwa, kama Shibusawa Eiichi na Okura Kihachiro, walikuwa miongoni mwa walioanzisha shirika lake.

Tunaona basi kwamba hata katika kuzaliwa kwake hoteli hiyo haikuwa biashara tupu. Ilikuwa silaha ya kidiplomasia: taifa liliitumia nyumba kudai heshima. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wajapani wa wakati ule walimpokea mgeni kwa makusudi, ili wao wenyewe wapone na unyonge wa mikataba ile.

Kufikia miaka ya 1910 hoteli hiyo ilikuwa ndogo mno kwa wageni waliokuwa wakizidi kuja. Meneja wake, Hayashi Aisaku, alikuwa amefanya kazi ya biashara ya sanaa mjini New York. Wright naye alikuwa mpenzi na mkusanyaji mkubwa wa picha za Kijapani zinazochapwa kwa mbao, na alikwisha kuizuru Japani mwaka 1905. Katika mwaka 1916 mapatano ya kazi yalithibitishwa, na Wright akawa mchoraji wa hoteli mpya. Hakuletwa na mtawala wala hakujileta kwa nguvu. Aliitwa na wenyeji, kwa fedha zao, kwa haja yao. Jambo hili tutalirudia mbele, kwa maana lina uzito.

3. Jengo na mikono iliyolijenga

Hoteli mpya haikuwa ndefu kwenda juu. Ililala chini na kutanda. Mabawa mawili marefu ya vyumba vya kulala yalisimama sambamba kulia na kushoto, na kati yake palikuwa na jengo la shughuli za pamoja: ukumbi wa mapokezi, chumba kikubwa cha kulia, ukumbi wa maonyesho na ukumbi wa karamu. Mbele ya lango palikuwa na bwawa la maji. Mgeni aliyeingia alipita kwanza chini ya dari ya chini, penye kivuli, kisha ghafla ukumbi ukafunguka juu yake kwa ghorofa tatu, nguzo zikimulika kwa taa zilizofichwa ndani ya vigae vilivyotobolewa. Wengine waliona humo mfano wa mahekalu ya kale ya Amerika ya Kati, na wengine wakasema si la Kijapani wala si la Kizungu. Kwa maoni yetu hiyo haikuwa kasoro. Kazi ya sanaa inayozaliwa mahali palipokutana watu wa pande mbili haina lazima ya kufanana na mzazi mmoja.

Lakini umbo ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni vifaa na mafundi, na hapa ndipo uenyeji wa jengo ulipoanza. Wright alichagua jiwe la Oya, jiwe laini la volkano lenye vitundu, linalochimbwa karibu na Utsunomiya, kaskazini ya Tokyo. Kwa muda mrefu wenyeji wa huko walikuwa wakilitumia kujengea maghala, na hapakuwa na aliyelidhania kuwa jiwe la fahari. Katika hoteli hii lilichongwa kila mahali: kwenye nguzo, kuta, mabirika ya maua na dari. Matofali ya rangi ya udongo wa manjano, yenye mikwaruzo iliyolifanya kila moja kuwa na uso wake, yalichomwa katika tanuri lililoanzishwa kwa kazi hiyo mjini Tokoname, mahali palipojulikana kwa ufinyanzi kwa karne nyingi. Waashi wa Kijapani waliichonga michoro ya mgeni katika jiwe la kwao kwa patasi za kwao.

Pamoja na waashi walikuwapo wasanifu vijana. Endo Arata, mwanafunzi na msaidizi wa Wright, ndiye aliyesimamia kumalizika kwa kazi baada ya bwana wake kuondoka Japani mwaka 1922, wakati gharama zilipokuwa zimepanda kupita kiasi na wenye hisa wamechoka kungoja. Mwaka huohuo hoteli ya zamani iliteketea kwa moto, na Hayashi akajiuzulu. Hivyo jengo hilo lilikamilishwa bila ya mchoraji wake na bila ya meneja aliyemwita. Waliolimaliza walikuwa wenyeji.

Athari zake hazikukaa ndani ya ua wa hoteli. Baada ya mwaka 1923 matofali yenye mikwaruzo na jiwe la Oya yalienea katika majengo mengi ya Japani. Makao rasmi ya Waziri Mkuu, yaliyomalizika mwaka 1929, yalijengwa kwa mtindo ulioonyesha wazi athari ya hoteli ile. Mwaka 1930 Endo alijenga Hoteli ya Koshien, katika eneo lililo kati ya Osaka na Kobe, na Hayashi akawa meneja wake. Basi mtu akituuliza ni lini jengo la mgeni liligeuka kuwa la wenyeji, tutamjibu: ni pale wenyeji walipoanza kulitumia kama lugha, wakasema kwalo mambo yao wenyewe.

4. Tetemeko, sifa na ukweli

Tarehe 1 Septemba 1923, siku iliyopangwa kwa sherehe ya kufunguliwa kwa hoteli, muda mfupi kabla ya saa sita ya mchana, tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji wa Tokyo na Yokohama. Moto ukafuata, ukawaka siku mbili. Watu zaidi ya 100,000 walikufa. Hoteli ya Imperial ilisimama. Inumaru Tetsuzo, aliyekuwa msimamizi wake, alihakikisha umeme unakatwa ili moto uliozuka jikoni usienee, na maji ya bwawa la mbele yakasaidia kuulinda moto wa nje. Katika siku zilizofuata vyumba vyake vilikuwa kimbilio, na balozi na waandishi wa habari waliopoteza ofisi zao walifanya kazi humo.

Habari zilipofika Marekani jina la Wright lilikua sana, na hadithi ikazuka kwamba hoteli yake peke yake ndiyo iliyobaki imesimama mjini. Hadithi hiyo si ya kweli, na mhakiki hana ruhusa ya kuirudia kwa kuwa ni tamu. Hoteli ilipata madhara. Sehemu yake ya kati ilitikisika na sakafu zikapinda. Majengo mengine nayo yalisimama, na baadhi yake, kama lile la Benki ya Viwanda lililofanyiwa hesabu na mhandisi Mjapani Naito Tachu, yalistahimili vizuri sana.

Tena yapo mambo katika msingi wa hoteli ambayo baadaye yaligeuka kuwa ugonjwa. Chini ya udongo wa juu wenye kina cha mita mbili na nusu hivi, kiwanja kile kilikuwa na tope laini lenye kina cha mita 18 na zaidi. Wright hakutaka kulichimba tope hilo hadi afike chini. Alisimika nguzo fupi nyingi za zege katika udongo wa juu, akaligawa jengo katika vipande vyenye nafasi ndogo baina yake, ili lielee juu ya tope kama manowari juu ya bahari. Mfano huo wa manowari ni wake mwenyewe. Wazo lilikuwa la kijasiri, lakini manowari ikipakiwa vibaya huinama, na hoteli ikaanza kutitia, pole kwa sehemu moja na haraka kwa nyingine.

5. Miaka ya kudhoofika

Jengo kubwa halifi siku linapobomolewa. Hudhoofika kwanza, na katika kudhoofika huko ndimo hukumu yake huandikwa. Katika mwezi wa Mei 1945 ndege za Marekani ziliumwagia mji wa Tokyo mabomu ya moto, na bawa la kusini pamoja na ukumbi wa karamu vikaungua. Vita vilipokwisha jeshi la Marekani liliichukua hoteli kuwa makazi ya maofisa wake wakuu, na wenyewe hawakurudishiwa mpaka mwaka 1952. Hivyo jengo lililochorwa na Mmarekani lilichomwa na Wamarekani, kisha likakaliwa nao.

Wakati wa amani haukulipumzisha. Moshi wa viwanda na magari ulilila jiwe la Oya, ambalo ulaini wake ndio uliowapendeza waashi na ndio uliolidhuru sasa. Mapambo yalimomonyoka. Maji yalikuwa yakivutwa kutoka chini ya ardhi ya Tokyo kwa matumizi ya viwanda, na ardhi ikazidi kushuka. Kufikia miaka ya 1960 baadhi ya sehemu za hoteli zilikuwa zimetitia kwa takriban mita moja, na ushoroba ulikuwa na miinuko na mabonde. Vyumba, vilivyokuwa chini ya 300, vilionekana vidogo na vyenye dari za chini. Shirika lilijenga nyumba za nyongeza nyuma ya hoteli mwaka 1954 na mwaka 1958, lakini hazikutosha.

Nje ya ua mambo yalibadilika kwa kasi. Tokyo ilijiandaa kwa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1964, na hoteli mpya zikainuka: Okura mwaka 1962, New Otani yenye ghorofa 17 mwaka 1964. Mwaka 1963 sheria iliyozuia majengo ya mji kupita urefu wa mita 31 ililegezwa. Sheria hiyo ilipokuwapo, hoteli inayolala chini haikuwa na hasara kubwa, maana jirani yake naye hakuweza kwenda juu sana. Ilipoondoka, kila mita ya mraba ya kiwanja ilipata thamani mpya, na kiwanja chenyewe kilikuwa mkabala na Bustani ya Hibiya, karibu na makao ya Mfalme na maduka ya Ginza. Tokea siku hiyo jengo la Wright halikushindana tena na hoteli nyingine. Lilishindana na hewa iliyokuwa juu ya paa lake, ambayo sasa ilikuwa inauzika. Kwa rai yetu hapo ndipo lilipohukumiwa, na nyufa za kuta zilikuwa ushahidi ulioletwa baadaye.

6. Hoja za pande mbili

Mwaka 1967 shirika lilitangaza kwamba hoteli itabomolewa. Msimamizi mkuu wa shirika wakati huo alikuwa Inumaru Tetsuzo, yuleyule aliyeilinda siku ya tetemeko, aliyeitumikia tangu mwaka 1919. Hatuwezi kumwita mtu huyo mgeni wa jengo wala asiyelipenda. Alikuwa amelala humo, ameliongoza, ameliona likiungua na likirudishwa. Hoja yake na ya wenzake ilikuwa nyepesi kueleweka: jengo ni hatari, jiwe linaanguka, kulitengeneza kutagharimu kupita kiasi, vyumba ni vichache, na shirika lisilopata faida halitahifadhi chochote. Mwaka 1970 yalikuwa yanakuja Maonyesho ya Dunia mjini Osaka, na wageni wangehitaji vitanda.

Waliopinga walikuwa wasanifu, walimu na wanafunzi wa Japani, pamoja na watu wa nchi nyingine. Wright alikwisha kufariki mwaka 1959, lakini mjane wake, Olgivanna, alisafiri hadi Tokyo kuitetea hoteli. Walisema kwamba jengo hilo ni kazi ya sanaa ambayo haiwezi kufanywa mara ya pili. Hoja yao ilikuwa ya kweli, lakini kwa maoni yetu ilikuwa na upungufu. Wengi wao waliitetea hoteli kwa jina la Wright, na kadiri walivyolitaja jina hilo ndivyo walivyozidi kuifanya hoteli ionekane kama mali ya mgeni mashuhuri iliyowekwa amana Tokyo. Laiti wangalilitaja zaidi jina la Endo, la waashi wa Oya na la wafinyanzi wa Tokoname, pengine mwananchi wa kawaida, aliyekuwa hajapata kuingia humo hata kunywa chai, angaliona kwamba kinachobomolewa kinamhusu.

Upungufu wa pili ulikuwa wa sheria. Japani haikuwa taifa lisilojali mambo ya kale. Sheria yake ya kuhifadhi mahekalu ilianza mwaka 1897, na sheria kubwa ya kulinda mali za utamaduni ilipitishwa mwaka 1950. Lakini fikra iliyozitawala ilikuwa ya mambo ya kale hasa. Hoteli ya miaka 44 ilikuwa nzee mno kwa mfanya biashara na changa mno kwa mtunza makumbusho. Ilianguka katika pengo lililo kati ya hao wawili. Ni mwaka 1996 tu ndipo Japani ilipoweka utaratibu wa kuyaandikisha kwa wingi majengo yaliyotimiza miaka 50, ili yajulikane na yasitoweke kimyakimya. Hoteli ilikwisha kuwa vumbi kwa miaka 28.

Je, palikuwa na njia nyingine? Tunaamini ilikuwapo, ingawa haikuwa rahisi. Nyuma ya jengo la Wright palikuwa na nyumba za nyongeza ambazo hazikuwa na thamani ya sanaa iliyolingana nalo. Sehemu ya kati, yenye kumbi, ingeweza kuimarishwa na kuachwa mbele, na vyumba vingi vikajengwa kwa kwenda juu nyuma yake. Jambo kama hilo lingehitaji fedha ambazo shirika peke yake lisingezitoa, na hapo ndipo mahali pa serikali. Lakini serikali haiwezi kuchangia kitu ambacho haijakiandika popote kuwa kina thamani. Katika mwezi wa Novemba 1967 milango ilifungwa, na ubomoaji ukaendelea hadi mwaka uliofuata.

7. Kilichookolewa

Si vyote vilivyopotea. Ukumbi wa mapokezi pamoja na lango na bwawa lake vilipelekwa Meiji-mura, kijiji cha makumbusho kilichofunguliwa mwaka 1965 karibu na mji wa Inuyama, mkoa wa Aichi, mbali sana na Tokyo. Sehemu ya nje ilisimamishwa tena mwaka 1976, na ya ndani ikamalizika mwaka 1985. Kwa kuwa jiwe la zamani lilikuwa limechakaa, vipande vingi ilibidi vifanywe upya.

Hatuwadharau waliofanya kazi hiyo. Bila ya juhudi yao kizazi cha leo kingeijua hoteli kwa picha tu, na mtu anayesimama katika ukumbi ule hadi leo huhisi jinsi dari inavyofunguka ghafla juu yake. Hata hivyo hatuna budi kusema kwamba lango lisilo na hoteli nyuma yake ni kama jamvi la wageni lililotandikwa kwenye nyumba isiyo na mwenyeji. Mtu huingia, hutazama, hutoka upande wa pili akakuta bustani. Hapigiwi kengele, hapewi ufunguo, hapakuliwi chakula. Makumbusho huhifadhi umbo. Maisha hayahamishiki kwa malori.

Kinyume chake tuyatazame majengo matatu ambayo hayakuhamishwa mbali wala kukatwa. Hoteli ya Koshien ya Endo iliacha kuwa hoteli, lakini chuo cha wanawake kikaichukua katika miaka ya 1960, na leo wanafunzi wa usanifu hujifunza ndani yake. Shule ya Jiyu Gakuen mjini Tokyo, aliyoichora Wright pamoja na Endo mwaka 1921, ilitangazwa kuwa mali muhimu ya utamaduni mwaka 1997, na hadi leo watu hufanya humo mikutano na arusi. Makao ya Waziri Mkuu ya mwaka 1929, yalipoonekana kuwa madogo kwa kazi, hayakubomolewa; yaliinuliwa mazima yakasogezwa kando, na tokea mwaka 2005 ndiyo nyumba anayopewa Waziri Mkuu kukaa. Majengo haya yalipona kwa sababu kila moja lilipata kazi mpya kabla ya kufikiwa na hesabu ya kiwanja. Jengo lenye kazi lina watetezi wengi; jengo lenye sifa tu lina watetezi wachache wenye elimu.

8. Funzo

Msomaji atauliza kisa cha Tokyo kinatuhusu nini. Kinatuhusu kwa sababu katika miji yetu yamo majengo ambayo swali lake ni gumu zaidi. Mjini Dar es Salaam, mkabala na Kanisa la Kilutheri la Azania Front, Wajerumani walijenga mwanzoni mwa karne ya 20 hoteli waliyoiita Kaiserhof. Baadaye, chini ya Waingereza, iliitwa New Africa. Tofauti na Wajapani, sisi hatukumwita mjenzi wa hoteli hiyo. Alikuja na bunduki, na kwa miaka mingi Mwafrika hakukaribishwa humo ila kama mtumishi. Lakini baada ya Uhuru, katika miaka ya 1960, baraza yake ilikuwa mahali walipokutana wapigania uhuru kutoka Kusini mwa Afrika, wanadiplomasia na waandishi wa habari. Jengo lililojengwa ili kututawala lilikuwa limeingia katika historia ya ukombozi. Jina la New Africa na hoteli vingalipo katika kiwanja kilekile. Jengo la kwanza halipo.

Hatusemi kwamba kila nyumba ya mkoloni ilindwe. Ziko zisizo na sanaa wala kisa. Tunalosema ni kwamba hoja ya kuwa jengo ni la mgeni haitoshi peke yake kuwa hukumu. Waliobeba zege na mawe ni wananchi, na waliozigeuza baraza hizo kuwa mahali pa kupanga uhuru ni Waafrika. Boma la Kale la Dar es Salaam, lililojengwa katika miaka ya 1860 enzi ya Sultani Majid, likatumiwa na Wajerumani na Waingereza kwa zamu, limekarabatiwa na tokea mwaka 2017 ni kituo cha urithi wa usanifu wa mji. Hakuna anayeingia humo leo akauliza ni la nani.

Tunapendekeza basi mambo matatu. Kwanza, majengo yetu ya mijini yaorodheshwe yakiwa bado yana paa na wakazi, bila ya kungoja yawe magofu. Pili, orodha hiyo isiandike jina la mchoraji na mwaka tu, bali iandike mafundi, vifaa na matukio, kwa kuwa humo ndimo uenyeji ulimo. Tatu, kila jengo litakaloandikwa litafutiwe kazi, maana nyumba isiyokaliwa hubomoka bila ya kubomolewa.

Badala ya hoteli ya Wright ilijengwa hoteli ya ghorofa 17, iliyofunguliwa mwaka 1970, na kando yake mnara wa ghorofa 31 mwaka 1983. Wakati wake majengo hayo ndiyo yaliyoitwa ya kisasa, na kwa ajili yake jengo la Wright liliitwa kuukuu. Mwaka 2015 jengo kuu la Hoteli ya Okura, lile la mwaka 1962 lililoionyesha Imperial jinsi ilivyozeeka, lilibomolewa ijapokuwa watu wengi duniani waliomba liachwe. Mwaka 2021 shirika la Imperial nalo lilitangaza mpango wa kuujenga upya mnara wake, kisha kulibomoa na kulijenga upya jengo la mwaka 1970 katika miaka ya 2031 hadi 2036. Jengo la Wright lilidumu miaka 45. Lililochukua nafasi yake litakuwa limedumu miaka 60 na kidogo, na hakuna chama kilichoundwa kuliombea.

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Msala wa Tokyo ulipita, na mwingine unakuja kuufuata. Mbachao hauwezi kutandikwa tena. Kwa hiyo taifa lenye busara hulitathmini jengo lake siku lingali zima, wakati bei ya kiwanja haijapanda, na wale waliolijenga wangali hai kusema walilijengaje.